Leza imeshazimika, molekuli zinapangikaje?

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa kidato cha tano na sita hapa Moshi. Mwanafunzi wangu amesoma kwamba watafiti huzilaza molekuli za gesi zielekee upande mmoja kwa mipigo mifupi ya leza, na kwamba hupangika vizuri baada ya leza kuzimika. Ameniuliza: kitu kinawezaje kupangika wakati mkono uliokipanga umeshaondoka? Nimeshindwa kumjibu. Halafu wanaposema mpigo "umechongwa", wanachonga nini?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mpe pongezi mwanafunzi wako kutoka huku Arusha, maana ameligusa fundo lenyewe. Jibu la haraka ni kwamba leza haizishiki molekuli. Inazianzishia mzunguko kwa wakati mmoja, kisha inakwenda zake. Zikibaki peke yake hutawanyika, halafu zinakutana tena kwa saa zilizomo ndani yake, na saa hizo tunaweza kuzipiga hesabu kwa kalamu na karatasi. Kuchonga mpigo ni kupanga nguvu ya leza iende na saa hizo.

Kabla ya saa, nikueleze kwa nini watu wanahangaika na jambo hili. Ukiwa Moshi, asubuhi mawingu yakifunguka unaiona Kibo kushoto na Mawenzi kulia. Mtu wa Rombo anaiona Mawenzi ikiwa mbele yake. Wa Siha anaiona Kibo, na Mawenzi imejificha nyuma. Sasa chukua picha elfu moja za mlima huo huo zilizopigwa kutoka pande zote, uzipandanishe. Utabaki na kichuguu cha ukungu. Mawenzi imepotea, na mtu ambaye hajawahi kufika Kilimanjaro hatajua kwamba kuna vilele viwili. Hivyo ndivyo gesi inavyotuonyesha molekuli zake. Kila moja imeelekea kwake, na kipimo chochote tunachochukua ni mchanganyiko wa pande zote. Ukizilaza zote upande mmoja hata kwa sehemu ndogo tu ya pikosekunde (sekunde moja kugawanya kwa trilioni), unapata picha ya upande mmoja. Mwaka 2004 watafiti wa Ottawa, Kanada, walizilaza molekuli za naitrojeni kwa mpigo mmoja, wakazipiga kwa mpigo wa pili wenye nguvu zaidi, wakabadilisha pembe kidogo kidogo, na kutokana na mwanga uliotoka wakachora umbo la wingu la elektroni la nje la molekuli hiyo. Bila kuzilaza kwanza, kazi hiyo isingewezekana.

Sasa, mwanga unaikamataje molekuli? Naitrojeni haina ncha chanya wala ncha hasi. Pande zake mbili ni sawa. Isitoshe, leza inayotumika sana kwa kazi hii ina urefu wa wimbi wa nanomita 800 hivi, maana yake uga wake wa umeme unageuka mbele na nyuma mara trilioni 375 kwa sekunde. Hakuna molekuli inayoweza kugeuka kwa kasi hiyo.

Darasani kwako fanya hivi. Chukua msumari wa chuma laini usio na sumaku, ufunge uzi katikati uning'inie ukiwa umelala, kisha usogeze sumaku. Msumari utageuka ufuate mstari wa sumaku. Geuza sumaku, ncha ya kaskazini ikae ilipokuwa ya kusini. Msumari hautageuka kinyume, kwa sababu usumaku wake ni wa kuazima: sumaku ikigeuka, nao unageuka. Molekuli iko hivyo hivyo mbele ya uga wa umeme. Elektroni zake hutikisika kwa urahisi zaidi kwa urefu wa molekuli kuliko kwa upana, kwa hiyo uga unapoivuta, huizalishia ncha za kuazima, na ncha hizo huivuta ilale sambamba na uga. Uga ukigeuka, ncha nazo zinageuka, na mvuto unabaki wa upande ule ule. Kinachohesabika ni mraba wa uga, na mraba hauna hasi.

Hapo hapo pana mpaka wa mbinu hii, na nakuomba uusisitize darasani. Njia hii inailaza molekuli kwenye mstari, lakini haichagui kichwa kiwe wapi na mkia wapi. Kwa naitrojeni hakuna tofauti. Kwa molekuli yenye ncha mbili zisizofanana, nusu zitaelekea huku na nusu kule, na kuzigeuza zote upande mmoja kunahitaji kitu cha ziada, kwa mfano uga tuli wa umeme, au leza ya rangi mbili kwa pamoja.

Mvuto wenyewe ni mdogo, ndiyo maana wazo hili lilisubiri leza zenye nguvu. Mwaka 1995 Bretislav Friedrich na Dudley Herschbach walionyesha kwa hesabu kwamba leza kali inaweza kuzifunga molekuli zibembee kuzunguka mwelekeo wa uga, na mwaka huo huo Tamar Seideman naye alikuwa akifanya hesabu za namna mipigo mifupi inavyozizungusha. Ukali unaotakiwa ni wati trilioni kadhaa hadi trilioni kumi hivi kwa kila sentimita ya mraba. Jua la utosini hapa kwetu hutupa wati 0.1 tu kwa eneo hilo. Usidhani lakini kwamba nishati ni nyingi. Mpigo wa milijuli moja una nishati ya kuinua nyanya ya gramu 100 kwa milimita moja. Ila milijuli hiyo inapobanwa ndani ya femtosekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya trilioni ya sekunde, inakuwa gigawati 10, karibu mara tano ya megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere, kwa muda ambao mwanga wenyewe unasafiri sehemu 3 za mia za milimita tu. Mbinu ya kubana mipigo hivyo bila kuunguza vioo ndiyo iliyowapa Donna Strickland na Gérard Mourou sehemu ya tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018.

Turudi kwa mwanafunzi wako. Mpigo wa femtosekunde 100 ni mfupi kuliko muda ambao molekuli inahitaji kugeuka. Mpigo ukipita, molekuli haijasogea bado. Imepokea msukumo tu, kama mlango uliosukumwa na mtu akapita. Zilizokuwa mbali kiasi na mstari zimesukumwa zaidi, zilizokuwa karibu zimesukumwa kidogo, na karibu zote, isipokuwa zilizokingama kabisa, zinaanza kuuelekea mstari. Punde tu baada ya mpigo kuondoka, zinafika karibu pamoja. Huo ndio mpangiko wa kwanza, na tayari leza haipo. Kisha zinapitiliza, zinatawanyika, na ungedhani yameisha.

Hayajaisha, na hapa ndipo penye utamu. Molekuli ni kitu cha kwantamu, haizunguki kwa kasi yoyote ipendayo. Nishati ya mzunguko wa molekuli iliyonyooka ni B mara J(J+1), B ikiwa namba maalumu ya kila aina ya molekuli, na J, namba ya hali ya mzunguko, ikiwa 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Leza hii huisukuma kwa hatua mbili mbili, kutoka J hadi J+2, kwa sababu fotoni moja inachukuliwa na nyingine inarudishwa. Waambie wanafunzi watoe nishati ya J kwenye ile ya J+2. Watapata B(4J+6), yaani 6B, 10B, 14B, 18B. Zote ni 2B mara namba witiri: 3, 5, 7, 9. Hakuna sehemu, hakuna desimali.

Sasa chukua chaki, chora duara sakafuni, uligawe kwa alama 24, kama saa ya masaa 24. Weka visoda vinne kwenye alama ya 0. Kila ukipiga kofi, kisoda cha kwanza kinasogea alama 3, cha pili 5, cha tatu 7, cha nne 9. Alama ya 0 ina maana molekuli zimelala sambamba na leza. Alama ya 12, ng'ambo ya duara, ina maana zimelala kinyume, zimekingama. Piga makofi matatu: visoda viko kwenye 9, 15, 21 na 3, vimetawanyika sawasawa duara zima, na mtu akiingia darasani sasa hivi atasema hapa hakuna mpango wowote. Endelea hadi kofi la 6: viwili viko 18, viwili 6. Kofi la 12: vyote vinne viko alama ya 12, pamoja! Na kofi la 24 vyote vimerudi 0, kama mwanzo. Hakuna aliyevigusa kwa nia ya kuvikusanya. Vimekusanywa na namba nzima.

Niseme jambo moja la haki: kisoda kimoja si molekuli moja. Molekuli moja hubeba hali kadhaa za mzunguko kwa wakati mmoja, na kila kisoda ni pigo la pamoja kati ya hali ya J na ya J+2. Lakini hesabu ya kukutana ni ile ile.

Muda wa duru nzima, yaani makofi yote 24, ni 1 kugawanya kwa 2Bc, c ikiwa kasi ya mwanga kwa sentimita kwa sekunde. Naitrojeni ina B ya 1.99 kwa kila sentimita. Piga hesabu: pikosekunde 8.4. Oksijeni, yenye B ya 1.44 hivi, hukutana kila pikosekunde 11.6. Kabonidioksaidi, yenye B ya 0.39, hukutana kila pikosekunde 42.7. Maabara inapima haya kwa kuupeleka mpigo wa pili kwenye kioo kinachosogezwa: kwa duru nzima ya naitrojeni, kioo kinasogea milimita 1.26 tu, maana mwanga unakwenda na kurudi. Mpigo wa pili unaweza kuwa dhaifu, ukapimwa jinsi gesi inavyouzungusha mwelekeo wa mtikisiko wake. Au ukawa mkali, ukaivunja molekuli, na vipande vinaporuka vinapigwa picha kuonyesha molekuli ilikuwa imelalaje. Marc Vrakking na Florentina Rosca-Pruna walitumia njia hii ya pili mwaka 2001 kwa molekuli za iodini, na kukutana huko kukaonekana wazi.

Kama umeyaelewa makofi ya 6, 12 na 24, kuchonga mpigo hakutakusumbua. Mtoto aliye kwenye bembea, unamsukuma lini? Anapoanza kuondoka kwako. Ukimsukuma anapokujia, unamsimamisha. Gawa nishati ya leza katika mipigo miwili. Ya pili ikiipiga naitrojeni pikosekunde 8.4 baada ya ya kwanza, misukumo inajumlishana. Ikiipiga kwenye 4.2, msukumo wa pili unaufuta wa kwanza, na molekuli zinatulia. Leza ile ile, nishati ile ile. Tofauti ni saa. Mwaka 2004 kundi la Henrik Stapelfeldt la Aarhus, Denmark, lilionyesha maabara kwamba mipigo miwili iliyopangwa vizuri inazilaza molekuli vizuri zaidi kuliko mmoja. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mpigo mmoja hauwezi kuongezwa ukali bila kikomo: ukikaribia wati trilioni 100 kwa sentimita ya mraba unaanza kuzing'oa elektroni, na molekuli uliyotaka kuipanga umeiharibu.

Umbo jingine ninalolipenda binafsi ni lile linalopanda polepole na kukatwa ghafla. Mpigo ukipanda taratibu kuliko mzunguko wa molekuli, molekuli zinauzoea uga, zinabembea karibu na mstari bila kuchafuka. Ukishuka taratibu pia, zinarudi zilikotoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini ukikata ghafla ukiwa kileleni, molekuli zinaachwa zikiwa zimepangika, na kila duru nzima zinairudia hali ile ile iliyokuwa ndani ya uga, sasa bila uga. Kundi la Albert Stolow huko Ottawa lilieleza na kuonyesha njia hii mwaka 2003. Ni mfano mzuri wa kumwonyesha mtu kwamba umbo la mpigo lina maana yake lenyewe, mbali na ukubwa.

Na wanachongaje? Hakuna mkono wala swichi yenye kasi hiyo. Siri ni kwamba mpigo mfupi una rangi nyingi ndani yake. Ule wa femtosekunde 100 kwenye nanomita 800 umetanda kwa takriban nanomita 9. Unaupeleka kwenye uso wenye mistari myembamba, ule unaofanya upinde wa mvua kama mgongo wa CD, rangi zinaachana. Lenzi inazipanga kwenye mstari. Hapo katikati unaweka kioo cha fuwele maji, ndugu wa kile cha skrini ya kikokotoo, chenye vijidirisha vingi, na kila kijidirisha kinaichelewesha rangi yake kidogo au kuipunguza. Lenzi ya pili na uso wa pili vinazikusanya tena. Rangi zilizocheleweshwa kwa mpangilio mmoja zinatoka zikiwa mipigo miwili. Kwa mpangilio mwingine, msururu wa mipigo. Kwa mwingine, mpigo mrefu unaobadilika rangi njiani.

Mwaka 1992 Richard Judson na Herschel Rabitz walipendekeza kompyuta iachiwe itafute umbo yenyewe: ijaribu maumbo mengi, ipime matokeo, iyabakize bora, iyachanganye, ijaribu tena, kama mkulima anavyochagua mbegu msimu baada ya msimu. Njia hiyo imefanya kazi nzuri kwa molekuli ngumu ambazo hesabu zake hazikamiliki. Kwa molekuli nyepesi kama naitrojeni, hata hivyo, mimi namshauri mwanafunzi aanze na makofi 24. Kompyuta itampa umbo. Hesabu itampa sababu, na sababu ndiyo itakayomsaidia akibadilisha gesi.

Adui mkubwa wa kazi hii ni joto. Gesi ya chumbani ina molekuli zilizokwisha kuwa kwenye J nyingi tofauti kabla leza haijawaka, na msukumo mmoja unaonekana kidogo tu juu ya vurugu hiyo. Wastani wa mraba wa kosaini ya pembe, ambao ndio kipimo chetu, ni theluthi moja kwa molekuli zilizotawanyika na 1 kwa zilizolala kikamilifu. Kwenye joto la kawaida hauondoki sana kwenye theluthi. Dawa ni kuipitisha gesi yenye mgandamizo kwenye tundu dogo iingie kwenye ombwe. Inapotanuka inapoa hadi kelvini chache. Umewahi kugusa valvu ya mtungi wa gesi inapotoa kwa kasi? Ni baridi ile ile, ikipelekwa mbali zaidi. Huko Hamburg, kwenye matokeo yaliyochapishwa 2019, walitumia molekuli za OCS, kila moja ikiwa na atomi moja moja ya oksijeni, kaboni na salfa, zilizochujwa hali moja tu ya mzunguko, wakazipiga mipigo miwili, na kipimo chao cha picha bapa kikafika 0.96, wakati molekuli zilizotawanyika hutoa 0.5. Duru ya molekuli hizo ni pikosekunde 82, na waliifuata hatua kwa hatua kama filamu.

Kuna matumizi mengine ambayo wanafunzi wako wanaweza kuyathibitisha wenyewe kwa kikokotoo. Naitrojeni ya kawaida ina atomi za uzito wa 14. Ipo isotopu ya 15. Umbo ni lile lile, kemia ni ile ile, lakini nzito inazunguka polepole, na duru yake ni 8.38 mara 15 kugawanya kwa 14, yaani pikosekunde 8.98. Zianzishe pamoja kwa mpigo mmoja, kisha subiri hadi pikosekunde 62.9 hivi. Nzito imemaliza duru 7 kamili. Nyepesi imemaliza duru 7 na nusu, ambayo kwenye duara lako la chaki ni alama ya 12. Moja imelala, nyingine imekingama, ndani ya chombo kimoja! Mpigo wa pili ukija wakati huo unaongeza mzunguko wa moja na kuituliza nyingine. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walilifanya hili kwa naitrojeni hizo mbili. Mara ya kwanza nilipoipiga hesabu hiyo mwenyewe niliirudia mara tatu kwa furaha.

Huenda mwanafunzi wako anafikiri mambo haya ni ya mbali na Afrika. Ahmed Zewail, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1999 kwa kutazama molekuli kwa femtosekunde, alizaliwa Damanhur, Misri, na shahada zake mbili za kwanza alizipata Alexandria. Leza za femtosekunde zipo Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, na wanafunzi wa shahada za juu wanazitumia.

Lakini asisubiri leza. Kompyuta ya kawaida ya shule inatosha. Aandike programu fupi inayojumlisha kosaini za B(4J+6) mara 2πct kwa J kuanzia 0 hadi 15, J shufwa zikipewa uzito mara mbili ya witiri, maana ndivyo viini vya naitrojeni vinavyoamua. Achore jumla hiyo kwa muda wa pikosekunde 0 hadi 20. Ataona vilele viwili virefu kwenye 8.4 na 16.8, vingine vilivyogeuka chini kwenye 4.2 na 12.6, na vidogo kwenye robo za duru. Kisha aweke B ya kabonidioksaidi, aondoe J zote za witiri kwa sababu kwenye gesi hiyo hazipo, anyooshe muda hadi pikosekunde 50, na aje akueleze kwa nini vile vya robo vimekuwa virefu.